Kumfuata Stilihedi: Deschutes, Clearwater na Grande Ronde kwa Mishipi ya Kuelea na ya Kuzama

Ijumaa, Portland, Oregon

Shemeji ameingia jioni na begi moja la nguo na mawili ya mishipi. Nilimwambia safari ni ya wiki ya mwisho ya Oktoba, hatuhami. Lakini kafungua begi hapohapo sebuleni, akatandaza vichwa na ncha za mishipi juu ya zulia, mpaka dada yake, ambaye ndiye mke wangu, akaamua tukalie jikoni.

Yeye ni wa Kiganjo, Nyeri, penye kituo cha serikali cha kuzalisha trauti wa kupandikizwa mitoni. Mimi ni wa Faza, kisiwani Pate. Kwa hiyo samaki tunayemfuata ni wa kwao zaidi kuliko wa kwetu: stilihedi ni yuleyule trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, aliyepelekwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Wanatofautiana mwenendo tu. Wa Mlima Kenya huzaliwa, hukua na kufa katika mto uleule. Huyu wa huku hushuka baharini akiwa hajatimia shubiri moja, hula Pasifiki mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu, kisha hurudi mto aliozaliwa akiwa na kilo tatu au nne, na wengine nane. Akishaingia maji matamu hamu ya kula humpungua sana. Ukimrushia nzi wa manyoya, yaani chambo bandia kilichofungwa kwenye ndoana, unamchokoza zaidi ya kumlisha.

Fimbo zetu zinafanana: futi 13, namba 7, za mikono miwili. Urushaji wake umepewa jina la mto Spey wa Scotland, ambako miti ya ukingoni haimwachii mvuvi nafasi ya kupeleka mshipi nyuma. Unauvuta mshipi uguse maji pembeni yako, na hapo panaitwa nanga. Unauacha ujikunje kitanzi kikubwa nyuma ya bega. Halafu unausukuma mbele. Kinachoipinda fimbo ni uzito wa mshipi wenyewe, maana nzi hana uzito wa kusema. Sehemu ya mbele ya mshipi, nene na nzito, ndiyo kichwa. Nyuma yake kuna mshipi mwembamba unaoteleza kwenye pete, na mbele yake unaweza kufunga ncha, ya kuelea au ya kuzama.

Kila mmoja kachukua vichwa viwili. Kimoja ni Scandi, futi 33 hivi, kinachochongoka taratibu kuelekea mbele, greni 460. Kingine ni Skagit, kifupi, futi 23, kinene karibu mpaka mwisho, greni 525. Greni ni kipimo cha zamani ambacho watengenezaji wa mishipi wamekataa kuachana nacho. Gramu moja ni greni 15.43, kwa hiyo vichwa hivi ni kama gramu 30 na 34. Anayetaka kununua asidanganywe na namba ya fimbo. Mshipi namba 7 wa fimbo ya mkono mmoja una greni 185 tu katika futi zake 30 za mwanzo. Ukiufunga kwenye fimbo hii hautaipinda hata kidogo. Nunua kwa greni.

Tukiwa tunakunywa chai, shemeji akauliza swali la kila mgeni wa mambo haya. "Shemeji, hiyo mito ina kina gani?"

Nikamwambia aulize kwanza ina joto gani. Akacheka, akasema watu wa pwani hatukosi jibu la kuzunguka.

Namwelewa lakini. Ami yangu kule Faza alivua kwa mshipi wa mkono, na hesabu yake ilikuwa moja: bamvua mkondo ukikaza, ongeza chubwi mpaka uguse chini, maji mafu, punguza. Changu yuko chini na chambo sharti kimfuate hukohuko. Aliyelelewa na hesabu hiyo akiona mshipi wa kuzama anadhani ni chubwi kwa sura nyingine. Stilihedi haendi hivyo. Maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi anaweza kupanda kutoka sakafuni hadi juu kumfuata nzi anayepita. Yakishuka nyuzi 5 au chini ya hapo anakuwa mzito, hasogei mbali, na nzi inabidi apite karibu naye na apite polepole. Hilo la pili ndilo wengi hulisahau. Nimemwambia shemeji hoja yangu mapema ili anipinge njiani: mimi ncha ya kuzama naifunga kwanza kwa ajili ya mwendo wa nzi, kina kinafuata.

Jumamosi, Deschutes, chini ya mji wa Maupin

Tumetoka saa kumi alfajiri. Deschutes ni mto wa nchi kavu: kuta za mawe meusi ya volkano, vichaka vya kijivu, na mstari mwembamba wa miti iliyoinama juu ya maji. Ukiwa na fimbo ya mkono mmoja hapa, nusu ya siku utakuwa unatoa nzi matawini. Tumeshika barabara ya changarawe ya ukingo wa mashariki inayoelekea Mack's Canyon na kuegesha kabla hapajapambazuka.

Sheria ya sehemu hii ya chini ya mto naipenda: ni marufuku kuvua ukiwa ndani ya mashua. Mashua ikusafirishe, basi. Ukitaka kuvua shuka usimame majini kwa miguu yako. Miguu yenyewe ivae viatu vyenye misumari, na mkono mmoja ushike mkongojo, kwa sababu mawe ya humu yanateleza vibaya sana.

Kipimajoto kimesoma nyuzi 11. Jua bado liko nyuma ya ukuta wa mashariki. Hapo hapana mjadala: Scandi ya kuelea, uzi wa mbele (ule unaounganisha mshipi na nzi) futi 13, na Green Butt Skunk, nzi mweusi mwembamba mwenye kitako cha kijani. Unarusha kwa mshazari kushuka na mkondo, mshipi unakaza, nzi anavuka mto kwa upinde hadi anasimama chini yako karibu na ukingo. Piga hatua mbili, rusha tena. Mto unafagiliwa hivyo, kipande kwa kipande.

Inafaa nieleze kinachotokea kwenye mshipi wakati huo, kwa sababu uamuzi wote wa kuelea au kuzama umelala hapo. Maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini, kwani ya chini yanajisugua na mawe. Ya katikati huenda mbio kuliko ya ukingoni. Mshipi wa kuelea umelala juu ya maji yenye kasi kuliko yote. Ukiuachilia, tumbo lake hujipinda kushuka, kisha humkokota nzi mbio kuelekea ukingoni. Dawa yake ni kuinua fimbo na kulirusha lile tumbo kuelekea mto unakotoka, mara moja, mapema, kabla mshipi haujakaza. Mshipi wa kuelea unakupa uwezo huo kwa sababu unauona na unaunyanyua upendavyo. Ule wa kuzama ukishazama umeshazama. Unachoweza kuchagua tena ni kidogo.

Shemeji alikuwa mbele yangu. Kwa mtu aliyezoea vijito vya kurukika kwa hatua tano, alikuwa anarusha vizuri, bila papara. Ghafla mshipi wake ukakaza na kuanza kutoka kwenye rili. Nilikuwa nimemkanya: usinyanyue fimbo, usivute, mwache samaki ageuke na nzi mdomoni, ndoana itajishikia yenyewe kwenye pembe ya taya. Akatii. Samaki akaruka mara mbili katikati ya mto, akashuka na maji ya kasi, na shemeji akamfuata ukingoni akijikwaa na kumwomba Ngai kwa sauti.

Alipomfikisha kwenye maji ya magotini tukaangalia mgongoni, karibu na mkia. Pezi dogo la mafuta lilikuwepo. Samaki wa vituo vya kuzalisha hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo ili watambulike. Mwenye pezi ni wa mtoni wa asili, na wa asili hurudishwa. Tukamtoa ndoana humohumo majini, akaondoka.

Saa nne jua limeingia bondeni na mambo yakabadilika. Deschutes inatiririka kuelekea kaskazini. Samaki huelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo hapa anatazama kusini, na jua la Oktoba liko huko kusini, chini. Linampiga usoni moja kwa moja. Wazoefu wa mto huu jua likiwaka hufunga ncha ya kuzama, au hulala mpaka jioni. Sisi tumelala.

Jumapili, palepale

Leo hatukulala. Mchana tumetoa Skagit.

Upepo wa hapa hupanda bonde kutoka mto Columbia karibu kila alasiri, na leo ulianza kabla ya saa sita. Upepo ukipanda mto, nanga iwe upande wa juu wa mto. Ukishuka, iwe upande wa chini. Ukigeuza, kitanzi kizima pamoja na ndoana yake kinakujia sikioni. Tatizo ni kwamba kwenye ukingo wa mashariki upande wa juu ni kushotoni kwako, na sisi sote ni watu wa mkono wa kulia. Shemeji kajaribu kuweka mkono wa kushoto juu, akatukana kidogo kwa Kikuyu, akazoea.

Scandi katika upepo huo ilitusumbua. Kichwa hicho hutaka nanga ya kugusa na kuondoka: uzi mrefu mwepesi unabusu maji tu, papo hapo unarusha. Upepo unaupeperusha kabla haujagusa. Skagit hujengwa kwa fikra nyingine. Nanga yake hulala ndani ya maji na kubaki hapo unapopanga mwili wako, na ncha iliyozama kidogo huishika vizuri zaidi. Kwa hiyo leo tumefunga ncha ya kuzama kwa sababu isiyohusiana na samaki hata kidogo: tulitaka nanga isiruke. Tumeanza na ncha ya futi 10 inayozama polepole, kama inchi moja na nusu kwa sekunde, ambayo inapita chini ya mawimbi ya upepo tu, haiendi mbali.

Jua lilipokaza nikabadili nikaweka T-8. Majina haya yakishaelezwa hayasumbui. Herufi T hufuatwa na idadi ya greni katika kila futi moja. T-8 ya futi 10 ni greni 80, T-11 ni greni 110, T-14 ni greni 140, yaani gramu 5, 7 na 9 hivi. Uzito unatokana na unga wa tungsteni uliochanganywa kwenye ngozi ya mshipi. Kwenye mshipi wa kuelea ngozi hiyohiyo huchanganywa na vitufe vidogo vyenye hewa ndani. Katika maji yaliyotulia T-8 huzama inchi 6 au 7 kwa sekunde na T-14 kama 8 au 9. Tofauti ni ndogo kuliko bei na sifa zinavyokufanya uamini.

Shemeji akataka kujua kwa nini asiifunge T-8 kwenye Scandi yake aipendayo. Nikamwambia ajaribu. Sehemu ya mbele ya Scandi ni nyembamba, nguvu ya mrusho inaishia humo ikimfikishia nzi mwepesi tu. Ukiitaka iibebe ncha nzito inafika nusu ya njia kisha inaanguka chungu moja. Skagit ni nene mpaka karibu na mwisho, ina uzito wa kuisukuma ncha iliyolowa na nzi mkubwa aliyelowa. Upungufu wake ni kutua kwa kishindo. Wavuvi wa mito ya Skagit na Sauk, jimbo la Washington, waliiunda miaka ya 1980 na 1990 kwa ajili ya mito yao mikubwa ya majira ya baridi, na ukiirusha unajua iliundwa na watu waliokuwa na baridi na haraka.

Tumeguswa mara moja, hatukushika.

Jumatatu, barabarani

Tumevuka Deschutes kwenye daraja la Sherars. Pale kwenye maporomoko watu wa Warm Springs, wenyeji wa asili wa nchi hii, huvua kwa nyavu za mpini mrefu, wamesimama juu ya majukwaa ya mbao yaliyotokeza juu ya maji yanayochemka. Ni haki waliyojiwekea katika mkataba wa 1855 na serikali ya Marekani. Baada ya hapo ni mashamba ya ngano mpaka Columbia, kisha Walla Walla, Dayton, Pomeroy, na giza likatukutia Clarkston.

Samaki wa Idaho naye hupita njia hii kwa namna yake. Kutoka baharini hadi tulipolala anapanda mabwawa manane ya umeme: Bonneville, The Dalles, John Day na McNary katika Columbia, Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose na Lower Granite katika mto Snake. Kiangazi, maji ya Columbia yakipata joto kupita kiasi, wengi wao huchepuka na kupumzika katika maji baridi ya mdomo wa Deschutes kabla ya kuendelea. Kwa hiyo huenda samaki wa shemeji alikuwa msafiri aliyechelewa, anaelekea kulekule tunakoelekea.

Mabwawa hayo pia ndiyo yameipa Lewiston, mji wa Idaho ulio ng'ambo ya Clarkston, bandari, maili 465 kutoka baharini. Nimeona matishari. Kwangu mimi bandari bila harufu ya chumvi ni jambo la kushangaza.

Jumanne, Clearwater, Idaho

Mto mpana. Baada ya Deschutes unahisi umesimama mbele ya lango la bahari. Nchi hii ni ya watu wa Nez Perce, na samaki wa mto huu ndio wanaosimuliwa kwa sauti ya chini: wale waliokaa baharini miaka miwili, ambao vipimo vya Idaho huwahesabu kuanzia sentimita 78.

Maji nyuzi 9. Hapa ndipo mimi na shemeji tulipoachana njia.

Yeye alitazama upana, akatazama rangi nzito ya maji, akafunga T-14 ya futi 12 na Intruder, nzi mkubwa wa manyoya marefu mwenye macho ya chuma. "Mto mkubwa, shemeji. Lazima tuwafuate chini." Mimi nikafunga ncha ya futi 10 ambayo nusu yake ya nyuma inaelea na ya mbele ni T-11. Ncha za namna hii huuzwa kwa jina la MOW, herufi tatu za majina ya waliozibuni: McCune, O'Donnell na Ward. Zote ni futi 10. Kinachobadilika ni kiasi kinachozama, futi 2 na nusu, 5, 7 na nusu, au zote 10. Faida yake ni kwamba uzito wote unabaki karibu uleule, kwa hiyo mrusho haubadiliki, na ile sehemu inayoelea inakuachia kitu cha kunyanyua na kurekebisha. Nzi akifika kwenye maji ya magotini karibu nawe haendi kulala sakafuni.

Sakafu ya Clearwater ni mawe ya mviringo, makubwa kwa madogo, yamejipanga kwa ajili ya kumeza ndoana. Kufikia saa nne shemeji alikuwa ameacha huko nzi wa pesa nyingi. Tukakaa juu ya gogo, tukanywa kahawa ya chupa, tukaanza kesi.

Alisema: ncha nzito ndiyo pekee inayofika. Nikamwambia inategemea umeirusha wapi. Ncha huzama kwa muda ambao mshipi umelegea. Mshipi ukishakaza, mkondo unaanza kuinua, na T-14 na T-8 zote zinabebwa. Ukirusha kwa mshazari wa nyuzi 45 mshipi unakaza karibu papo hapo. Uzito wako hauna nafasi ya kufanya kazi. Ukirusha karibu moja kwa moja kuelekea ng'ambo, ukainua tumbo la mshipi kuelekea juu mara moja, kisha ukapiga hatua mbili za kushuka huku mshipi umelegea, unajipatia sekunde nne au tano za kuzama. T-8 iliyopewa sekunde tano iko chini kuliko T-14 iliyonyimwa. Na ukitaka kupanda juu tena huna haja ya kufungua kitu: rusha kwa mshazari zaidi.

"Sasa kwa nini mimi nakwama chini, kama T-14 haizami?"

Swali zuri. Anakwama mwishoni, nzi akishatoka kwenye mkondo na kuingia maji ya pole ukingoni. Huko hakuna wa kuzibeba zile gramu kumi na moja pamoja na macho ya chuma. Mto wa katikati anaupita juu juu, na wa ukingoni anaulima. Samaki wengi wa stilihedi huchukua nzi hapohapo pa mwisho, anapopunguza mwendo, na yeye wakati huo ananyofoa mawe.

Hakukubali yote. Alisema kuna mahali pa mkondo mzito mfupi, kama mfereji wa kina kati ya miamba miwili, ambapo mshipi haupati muda wa kulegea na uzito ndio pekee unaosaidia. Hapo nimemkubalia, na T-14 naiweka kwenye pochi kwa sababu hiyohiyo.

Samaki hatukuona. Jioni tumemwona bwana mmoja wa makamo ng'ambo, anarusha kichwa kirefu sana cha kuelea, mita thelathini na zaidi bila kuvuta mshipi wa nyuma hata kidogo. Hatukuwa na la kusema, tukatazama tu.

Jumatano, hotelini zaidi kuliko mtoni

Mvua, mto umechafuka kidogo, upepo wa kaskazini. Tumevua saa mbili za mchana, tukarudi.

Kazi ya maana ilifanyika chumbani. T-11 huuzwa pia kwa urefu, bila vitanzi, ukakate mwenyewe. Shemeji alitaka rula. Nikamnyoshea mikono: pima moja ni futi 6, pima moja na nusu ni futi 9, na ncha ya futi 9 ya T-11 ni greni 99, nyepesi ya kutosha kwa kichwa cha 525. Tumekata, tukakwangua ngozi inchi mbili kila upande, tukakunja vitanzi na kuvibana kwa uzi na gundi. Mkasi ulikuwa wa kucha. Vitanzi vimetoka vinene, vitapita.

Alhamisi, Grande Ronde

Kutoka Asotin barabara inapanda hadi Anatone, mbuga za nyasi zilizoganda, kisha inajitupa bondeni kwa kona za Rattlesnake Grade. Shemeji aliendesha. Mimi nilikuwa nasoma dua.

Usiku barafu ilianguka. Saa mbili asubuhi pete za fimbo zilikuwa zinaziba, na kila baada ya mirusho michache tulizamisha fimbo majini kuziyeyusha. Ukivunja barafu ya pete kwa vidole utavunja na pete.

Nyuzi 5. Mto huu ni mdogo, unarusha ng'ambo bila jasho, kina chake pengi hakifiki kifuani. Mtu wa kina angesema mto wa namna hii hauhitaji kuzamisha chochote. Hapa ndipo hoja yangu inapojibiwa na maji: tumefunga ncha ya pima moja na nusu. Sababu si kwamba samaki wako mbali chini. Ni kwamba ncha nyembamba inakata maji ya juu yenye kasi, inakaa kwenye yale ya chini yaliyo taratibu, na nzi anavuka mto kwa mwendo wa mtu anayetembea sokoni bila haraka. Kwa kichwa cha kuelea na uzi mrefu, katika mkondo ule, angepita mbio na samaki wa nyuzi 5 asingejisumbua.

Uzi wa mbele nao tumeukata hadi futi 4. Ukiacha futi 13 nyuma ya ncha ya kuzama, ncha inakwenda chini na nzi asiye na uzito anabaki juu anaelea zake, umefanya kazi bure.

Tulipata samaki wangu chini ya ngazi ya mwamba, mahali ambapo maji yanadondoka kutoka magotini hadi kiunoni. Hakugonga. Mshipi ulikuwa mzito tu, kisha ukawa mzito zaidi, kisha ukaanza kutembea. Alivuta bila kuruka, akizunguka na kutikisa kichwa, mwendo wa samaki wa maji baridi. Pezi la mafuta lilikuwa limekatwa. Kilo tatu. Tukajaza kibali, tukamweka kwenye barafu kwa ajili ya nyumbani. Kupaka kwake nitafanya mwenyewe, nazi ipo kwenye friji.

Ijumaa, Grande Ronde hadi saa nane

Shemeji kaamka na lake. Jua limetoka, mchana kipimajoto kikafika nyuzi 7, na yeye akafungua Skagit akarudisha Scandi ya kuelea. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema ananitumia maneno yangu mwenyewe.

Alichagua mkia wa kilindi, pale maji yanapopungua na kutandazika kabla ya kuingia maji ya kasi. Mkondo pale ni wa pole, wa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Uzi wa mbele futi 12, nzi mdogo mwenye shingo ya chuma, mrusho karibu moja kwa moja ng'ambo, tumbo la mshipi likanyanyuliwa juu mara moja, mbili. Nzi alikwenda taratibu kuliko wa kwangu wa jana mwenye ncha. Mara ya tatu kupita palepale, maji yakavimba nyuma yake. Mara iliyofuata samaki akamchukua, inchi chache chini ya uso wa maji.

Maji ya nyuzi 7, mshipi wa kuelea. Kama mwendo ndio jambo, alisema, basi maji ya pole hayana haja ya ncha hata yakiwa baridi. Sikuwa na pingamizi. Nilikuwa nimeshika rili yake ili aweze kumtoa ndoana. Huyu naye alikuwa wa asili.

Njiani kurudi tumezungumza habari za mto Skagit wenyewe. Stilihedi wa eneo la Puget Sound, ghuba ya Washington unakomwagika mto huo, waliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2007, msimu wa machipuko wa kukamata na kuachia ukafungwa, ukaja kufunguliwa tena 2018, na tangu hapo hufunguliwa au la kulingana na hesabu ya samaki wanaotarajiwa. Sauk huingia Skagit pale Rockport, ikiwa imebeba maji ya barafu za Glacier Peak kupitia Suiattle, ya baridi na ya rangi ya majivu. Mkondo mpana, mzito, hauonyeshi sakafu. Shemeji akauliza kama huko T-14 itaruhusiwa kutoka kwenye pochi.

Wakifungua, nikamwambia, ya futi 12 na usiikate.